Nani Anamlisha Popi Jikoni kwa Cucu?

Bi. Kananu,

Mimi si mtu wa kuandikia magazeti, na hata hii anwani yako niliipata kwa karatasi ambayo mwenye bucha hufungia mapafu ya kulisha mbwa, nikaifuta damu, nikaisoma nikiwa nimesimama barabarani, ulikuwa unamjibu mama mmoja wa Kutus kuhusu mkwe wake mlevi, nikaona huyu hambembelezi mtu, wacha na mimi nimwambie yangu, maana hapa nyumbani sina wa kumwambia na kanisani nikisema watasema nimerudia mambo ya kizamani.

Niko na mtoto wa mbwa. Ndiyo shida yangu. Najua utacheka.

Huku Mukurweini tangu mwaka jana watu wanaibiwa sana, leo ni ng'ombe wa huyu, kesho ni kahawa ya yule kabla haijafika kiwandani, na bwanangu Theuri anafanya kazi Eldoret, nyumbani anakuja Krismasi, Pasaka na mwezi wa nane, basi, na watoto wetu wawili wako shule ya bweni, kwa hivyo hapa ninabaki mimi na ng'ombe wawili na miti ya kahawa. Theuri akaandika barua ati nitafute mtoto wa mbwa nimlee awe mkali, akanielekeza vile marehemu baba yake alikuwa akifanya, na ndivyo kila mtu huku hufanya: mbwa akiwa mdogo unamfungia mahali pa giza mchana kutwa asione watu, asizoeane na mtu, unamfungulia jioni, na baada ya miezi mitatu hata jirani hapiti karibu na ua.

Nilimpata Machi kwa Gladwell, jirani yetu, mbwa wake alikuwa amezaa watano. Huku kwetu mtoto wa mbwa hachukuliwi mikono mitupu, lazima umwachie mwenyewe kitu, hata kikombe cha maharagwe, la sivyo mbwa hatulii kwako, na siku hiyo nilikuwa nimetoka shambani sina kitu, Gladwell akasema nenda naye tu. Nikaenda naye tu. Nikamwita Popi kama mbwa wote.

Bi. Kananu, mbwa mdogo ana gharama. Nilikuwa nafikiri atakula makombo ya githeri yetu ya mahindi na maharagwe, Gladwell akaniambia ati githeri itamvimbisha tumbo, meno bado, mpe maziwa na uji mwepesi wa mahindi kwanza, halafu mapafu yaliyochemshwa. Basi nikawa natoa nusu lita kila asubuhi kwa maziwa ya kupeleka chama cha ushirika, na Jumanne na Ijumaa nanunua mapafu, halafu kuna dawa ya minyoo, kuna mnyororo, na chanjo bado. Nilitaka kumjengea nyumba yake ya mbao, nikahesabu misumari na mabati nikaona hapana, na jiko la cucu liko pale tupu, lina giza, lina mlango mzuri, na kufuli nilikuwa nayo tayari. Nikamweka humo.

Cucu ni mama mkwe wangu, Ngendo, mama yake Theuri, tulikuwa tukimwita cucu, yaani nyanya, sisi wote kwa sababu ya watoto. Aliaga dunia mwaka jana mwezi wa kumi. Alikuwa ameanza kusahau, anatoka asubuhi anasema anaenda kwao, na kwao walihama kitambo, tunampata mtoni ama sokoni bila viatu, na mimi niko peke yangu na ng'ombe na kahawa na yeye. Aliaga nikiwa nimeenda kuzika shangazi yangu Kiriaini, mvua ikanyesha, barabara ikawa matope matupu, gari ikakataa kurudi, nikalala huko, nikafika nyumbani kesho yake saa sita mchana. Chakula nafikiri nilikuwa nimemwachia, nilikuwa na haraka, gari ya matanga ilikuwa inapiga honi pale juu. Basi turudi kwa mbwa.

Wiki ya kwanza Popi alilia mpaka nikawa naziba masikio nikikamua. Wiki ya pili akanyamaza, nikasema sasa amezoea. Lakini nikifungua jioni, kabla jua halijazama, napata bakuli liko vile nililiacha, maziwa yameshika ngozi juu, nzi wamejaa, na Popi tumbo limekaza na ndevu zake zimelowa. Nikasema labda anakunywa maji mahali. Wiki ikaisha, mwezi ukaisha, yeye anazidi kunona na chakula changu namwagia kuku. Nikalizunguka lile jiko kwa nje nikipapasa ukuta wote, ni mbao na udongo, hakuna mahali mkono unaweza kupita, na ufunguo uko kwa kamba hapa shingoni mwangu, hata kuoga naoga nao.

Mwezi wa tano akaja mzee Mugendi wa mifugo kumdunga ng'ombe sindano, nikamwomba amwangalie na Popi. Akamshika, akamfungua mdomo, akamgusa mbavu, akaniambia, "Mama, huyu umemlea kuliko watu wanavyolea watoto. Unampa wimbi?"

Nikamwambia hapana, simpi wimbi.

Akachukua kijiti akakichokora kinyesi pale kando ya mlango, kimejaa maganda mekundu. "Labda unasahau," akasema. "Hii ni wimbi."

Kwangu hakuna wimbi, Bi. Kananu. Wimbi ilikuwa ya cucu. Ndiye alikuwa akiisaga kwa jiwe na kuuchachusha uji siku tatu, na alipoaga ile iliyobaki niliipikia watu wa matanga ikaisha, hata gunia nilishonea dirisha la kuku.

Nikasema nijaribu. Siku tatu sikumwekea Popi kitu chochote. Najua ni vibaya. Siku ya tatu nikafungua saa tisa mchana, ulikuwa mwanzo wa huu mwezi wa saba, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwa migomba na hakuna kitu unasikia, hata ndege, na nikapata amelala kando ya mawe ya moto, yale matatu ya kupikia, ameshiba, hata hakuamka. Bakuli lilikuwa limeoshwa. Limefunikwa juu ya lile jiwe la kushoto lichuruzike, na maji yalikuwa bado yanadondoka. Mimi vyombo huanika nje kwa kichanja. Cucu ndiye alikuwa akifunika vyombo kwa jiwe la kushoto, na nilikuwa nikimgombeza kwa sababu vinashika jivu.

Kesho yake nikatandaza jivu sakafu yote kama mtu anayepanda mbegu, nikafunga, nikaenda zangu. Jioni nikafungua polepole. Nyayo za Popi zinatoka kwa mlango zinaenda moja kwa moja mpaka kwa kiti cha cucu, kile kidogo cha miguu mitatu, pale zinazunguka na kuzunguka vile mtoto hufanya kwa mtu aliyeshika chakula, halafu zinaisha mahali alilala. Nyayo zingine hakuna. Lakini mbele ya kiti jivu lilikuwa limeondolewa, pamebaki udongo mtupu, mahali pawili, pa kuweka miguu.

Na ukali wenyewe hakuna. Popi hajui kubweka. Mtu akija anamwangalia tu, kisha anarudi jikoni mwenyewe, na kama sijafunga mlango anakaa akiutazama mpaka nifunge.

Sasa Jumatano iliyopita. Nilikuwa nimechuma kahawa tangu alfajiri, sikuwa nimekula kitu. Saa kumi nikafungua. Bakuli halikuwa kwa Popi. Lilikuwa hapa kwa kizingiti, upande wangu, limejaa uji wa wimbi na unatoa mvuke. Niliyagusa mawe ya moto, yalikuwa baridi. Popi alikuwa ameketi kule nyuma ananiangalia, na hakuusogelea. Ningekimbia, Bi. Kananu, mtu mwenye akili angekimbia. Lakini nilikuwa na njaa, na ule uji ulikuwa na harufu ya wakati nilijifungua mtoto wetu wa kwanza, cucu alinipikia uji huo majuma mawili, hakuniacha nishike hata kijiko, alikuwa akisema kazi yangu ni kushiba. Nikachuchumaa pale mlangoni nikaunywa wote. Ulikuwa mtamu. Nilipomaliza nikaanza kutetemeka na mpaka nikiandika hivi sijaacha.

Nakuomba uniambie. Ni kwa sababu sikumwachia Gladwell kitu? Nikimpelekea sasa itasaidia? Mbwa anayelishwa namna hii bado anahitaji dawa ya minyoo, na ile chanjo ya kichaa wanayodunga sokoni Jumamosi ya mwisho wa mwezi? Kuna Mhindi mwenye duka la vifaa huko Nyeri, Umesh, anatafuta mbwa wa kulinda stoo, nimpe Popi, nifunge lile jiko na ninyamaze? Theuri anakuja mwezi wa nane na ameandika ati ana hamu ya kuona vile mbwa amekuwa. Nimwambie nini? Tafadhali jina langu usiliandike.

Mama wa wawili, Mukurweini
Julai 1996

Bi. Kananu anajibu:

Mama wa wawili, jina lako sijaliandika, na ya wenzako nimeyabadilisha. Mhindi wako pia.

Tuanze na mbwa, kwa kuwa ndiye unayetaka tuzungumze habari zake. Mtoto wa mbwa hafungiwi gizani. Hawi mkali, anakuwa mwoga, na mbwa mwoga humwacha mwizi apite, kisha akamuuma mtoto wa jirani. Mtoe leo. Mabati mawili makuukuu na vipande vya mbao vinamtosha, na kama misumari ni gharama, gharama ya mtoto wa watu aliyeumwa utaiweza? Dawa ya minyoo mpe, na umrudishie baada ya majuma matatu. Jumamosi hiyo mpeleke sokoni achanjwe bila kukosa, kwa sababu kichaa cha mbwa hakiulizi uji ulipikwa na nani. Gladwell mpelekee maharagwe yake kwa ajili ya ujirani mwema, lakini usijidanganye kwamba haya yametoka huko. Na Umesh mwache na stoo yake. Huwezi kumfungashia mtu jambo lako pamoja na mbwa na mnyororo ukamwambia chukua. Siku tatu bila chakula kwa kiumbe uliyemfungia mwenyewe, mama, moyo huo ulitoa wapi?

Hayo yamekwisha. Sasa kaa chini.

Umeniandikia kurasa nne. Habari za mbwa umezikumbuka zote, siku za mapafu, nusu lita ya maziwa, ushauri wa Gladwell neno kwa neno. Mama mkwe wako umempa mistari michache, kisha ukasema turudi kwa mbwa. Mimi sikurudi. Nilibaki palepale nikahesabu miezi. Mbwa ulimpata Machi. Mama aliaga Oktoba. Na unasema kufuli ulikuwa nayo tayari. Jiko la kuni halifungwi kufuli, kwenu wala kwetu, humo hamna cha kuibwa ila jivu. Mlango wa jiko hufungwa kamba kuku wasiingie. Hiyo kufuli ilinunuliwa kwa ajili ya mtu aliyekuwa akitoka asubuhi bila viatu. Ulimfungia ukienda shambani, ukamfungulia jioni, na pengine siku nyingi hakudhurika. Kisha ukaenda Kiriaini.

Sikulaumu kwa siku ile ya kwanza uliyofunga, na niseme wazi ili wanaosoma wasinyooshe vidole. Mwanamke mmoja, ng'ombe, kahawa, mgonjwa asiyejua alipo, na mume anayetuma maagizo kwa barua. Wengi wanaosoma gazeti hili wamefunga mlango kama huo, na wengine wanasoma ufunguo ukiwa mfukoni. Mimi mama yangu yuko Nkubu, anaishi na Kanana, mke wa ndugu yangu. Niliposoma barua yako niliacha kazi siku ya Jumanne nikapanda gari nikaenda kuangalia mlango wa jiko lake. Nilimkuta juani anachambua maharagwe. Kanana akaniuliza kuna nini, nikamwambia nilikuwa nikipita tu. Hakuna anayepita Nkubu Jumanne akitoka Nairobi, naye analijua hilo, na tangu siku hiyo hanisemeshi vizuri. Nastahili.

Unaniuliza nani anamlisha Popi. Sijui. Na atakayekuambia anajua atakudai kuku mweusi kabla hujamaliza kumsalimu. Ninachojua ni nani hakulishwa. Bakuli la mbwa unalikumbuka kila siku jinsi lilivyokuwa. La mama, unasema unafikiri. Mtu aliyeacha chakula hafikiri, anakumbuka kilikuwa chakula gani. Ilikuwa siku nzima, na usiku wa mvua, na asubuhi yake mpaka saa sita. Na Theuri je, aliambiwa nini? Nakisia aliambiwa mama yake ameaga kitandani, amelala, ameshiba. Nakisia pia nani alimbeba kutoka jikoni akamlaza hicho kitanda kabla majirani hawajaitwa. Kama nimekosea niandikie, nitakuomba msamaha hapahapa mbele ya wasomaji wote.

Na huo uji. Ukurasa huo niliusoma mchana mweupe, mlango wa ofisi nikiwa nimeuacha wazi, na bado niliogopa. Mtu mwenye kisasi hapiki, mama. Kama ni yeye, basi hana hasira nawe hata kidogo. Amekuona umetoka shambani una njaa, amekuwekea, na hilo ndilo linalokutetemesha. Ungependa akutishe. Ungejua la kufanya. Ukiwekewa tena, usinywe. Usiogope sumu. Ogope utamu wake, kwa sababu ukiuzoea, siku moja utaingia ukae karibu na hayo mawe, uvute mlango kwa ndani, na hutasikia haja ya kutoka.

Basi fanya hivi. Kesho asubuhi ung'oe mlango wa jiko, bawaba na kila kitu, mwanga uingie. Ng'ombe na Popi mwachie Gladwell siku tatu. Usimngoje Theuri mwezi wa nane, nyumba ikiwa imejaa watoto na wageni na wewe una sababu kumi za kuahirisha. Mfuate Eldoret. Anaweza kukufukuza, sitakudanganya, ni mama yake mzazi. Anaweza pia kukumbuka ni nani aliyekuachia mzigo huo akaenda. Yote mawili yako mikononi mwake, na amenyimwa nafasi ya kuchagua kwa miezi tisa sasa.

Ukifika, maneno ya kwanza yawe haya: mama alikufa akiwa amefungiwa jikoni, na mimi ndiye niliyefunga. Yaseme ukiwa bado umesimama mlangoni, kabla hajakupa kiti. Maana nakujua sasa, ukikaa na ukapewa chai, utaanza na habari za mbwa.